Makosa Mia Mbili na Kumi na Manne

Wanawake wengine huolewa wakapata mume na mama mkwe, basi. Fundi alipata mume, mama mkwe, na maboksi kumi na tisa ya kadi zilizojaa maneno ambayo hakuna binadamu aliyeyaomba.

Mumewe alikuwa mwanasosholojia. Kazi yake chuoni, kabla hajastaafu, ilikuwa kuchunguza foleni. Ndiyo, foleni. Foleni za benki, za posta, za zahanati, za watu wanaongoja kupigwa picha za vitambulisho. Miaka nenda miaka rudi alisimama kwenye foleni zisizomhusu, daftari mkononi, na akifika dirishani anamwambia karani, "Asante, mimi natazama tu," kisha anarudi nyuma kabisa kuanza upya. Mtaani wakamwita Bwana Foleni, naye akalipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Na si foleni peke yake. Tuseme ukweli, mtu yule alijaaliwa. Alipiga fidla mpaka majirani wakazima redio zao. Alitengeneza saa za mtaa mzima. Alichora picha za watu, zikatoka zinafanana nao kuliko wenyewe walivyopenda. Alikuwa refa wa mpira mwenye leseni, na ndiye aliyewanyoa nywele ndugu wote wa kiume wa pande zote mbili. "Vipaji sita," Fundi alizoea kuwaambia wateja wake huku akiwapima kiuno, "na katika vyote sita hakuna hata kimoja kinachokumbuka kufunga bomba." Wifi yake, ambaye alikuwa hapitwi na jambo, alimtetea kaka yake kwa kusema alikuwa hivyo tangu anatambaa. Utetezi gani huo, mimi sijui.

Lugha ilitoka kwenye foleni. Bwana Foleni aligundua kwamba watu hawagombani kwa sababu wamecheleweshwa. Wanaweza kungoja saa tatu wima, wamenyamaza, wanatazama visogo vya wenzao. Ugomvi unaanza pale mtu anapoambiwa neno. Mmoja anasema, "Wewe babu, hebu sogea huko," na hapo hapo viatu vinavuliwa. Aliyaandika hayo katika vitabu vitatu vinene visivyosomwa na mtu. Mwishowe akasema moyoni: ikiwa ugonjwa uko kwenye maneno, basi na tutengeneze maneno mengine. Akajifungia miaka miwili, akatoka na lugha nzima, kichwa mpaka miguu, akaiita Nolemi.

Fahari ya Nolemi ilikuwa kwamba haina tusi. Huwezi kumwita mtu mjinga kwa Nolemi, wala mvivu, wala mchoyo. Hata kusonya kuliwekewa katazo ukurasa wa nne. Chuo kikachapa nakala mia tatu za kitabu chenye jalada la kijani. Nakala mia mbili na sabini zikarudi nyumbani na kulala chini ya kitanda, na Fundi akawa kila akifagia anapiga magoti kuomba njia.

Fundi alikataa katakata kujifunza. "Mimi nina bibi harusi Jumamosi," alisema, na kila wiki alikuwa na bibi harusi Jumamosi, kwa hiyo sababu yake haikuisha. Lakini mtu ukilala, ukaamka, ukala na lugha, utaikwepa wapi? Mume aliisema mezani, akaisema bafuni, na baadaye akamwimbia nayo binti yao tangu yuko kwenye nepi. Baada ya mwaka mmoja tu, kabla binti hajazaliwa, ilikuwa imemwingia Fundi kama harufu ya vitunguu inavyoingia kwenye nguo.

Chumba cha mbele kilikuwa kiwanda chake. Cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, meza ya kukatia, kioo kirefu, na sanamu la mbao lisilo na kichwa lililovaa gauni la mtu. Siku hiyo bibi harusi mmoja alikuwa amesimama juu ya kiti, na Fundi amepiga magoti kwenye pindo, futi shingoni, pini sita mdomoni. Mumewe akaingia na kadi. Akauliza kwa Nolemi, kwa utulivu kabisa, kama mkewe akiifikiria siku ya Jumatano anaiona ina rangi gani.

Fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akaziweka kiganjani. Akamtazama. Akasema, "Tofelu."

Neno hilo halikuwepo kwenye kitabu. Halikuwepo popote. Lilitoka tu, na watu wote watatu mle chumbani, bibi harusi akiwemo, wakaelewa papo hapo kwamba tofelu ni mtu anayekuuliza swali wakati mdomo wako umejaa pini.

"Hilo si neno," akasema mume.

"Limeshakuwa. Toka."

Kufikia mwisho wa mwezi kulikuwa na mengine matano, na yote yangemnyima mtu usingizi. Kisha yakaja yasiyo matusi: garimo, yaani ile hasira ya uzi wa chini kuisha umebakiza vidole vitatu tu vya mshono, na neno la kitambaa kilicholetwa pungufu na mteja anayeapa kwamba kinatosha, na neno la mtu unayempenda lakini leo hutaki kumsikia. Binti yao alikua akiyanyonya yote pamoja na maziwa. Sasa ni fundi umeme, ana nyumba yake, na mpaka leo humpigia mama yake simu kutoka kazini, bosi wake amesimama kando akitabasamu, na kumsema bosi huyo kuanzia kisogo mpaka kisigino.

Bwana Foleni alikuwa na hakika kwamba yeye hagusi maneno hayo. Kulikuwa na lugha ya kitabu, alisema, na kulikuwa na lugha ya jikoni, na yeye alisema ya kitabu. Fundi alimwachia. Mwanamume ana haki ya kuamini vitu viwili vitatu vya bure.

Basi, mwaka wa ishirini na mbili wa lugha hiyo, ikaja barua. Ilitoka nchi ya mbali, na ilikuwa imeandikwa kwa Nolemi kutoka tarehe mpaka sahihi. Aliyeiandika ni daktari wa meno, mwanamke, ambaye aliokota kile kitabu cha kijani kwenye sanduku la vitabu vilivyotumika na akajifundisha mwenyewe jioni baada ya kazi. Bwana Foleni aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, kisha akaenda ukumbini akalia ameegemea ukuta. Fundi alimwona. Hakumtania siku hiyo, wala kesho yake.

Tangu hapo waliandikiana karibu kila mwezi kwa miaka tisa. Daktari aliwafundisha wengine huko kwao, wakafika kumi na sita, wakaunda Jumuiya ya Nolemi yenye mhuri. Na sasa akaandika kwamba anakuja mwenyewe, siku mbili, Jumamosi na Jumapili.

Ungemwona mzee wa watu wiki hiyo ungemhurumia. Alinyoa ndevu asubuhi na mchana. Alijisemea mbele ya kioo cha wateja mpaka bibi harusi mmoja akaomba zamu. Fundi alimshonea shati jipya, akamfunga vifungo mwenyewe, akamwambia, "Tulia, Mzee. Ni lugha yako. Atakufanya nini?"

Mgeni alifika saa nne kamili. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, viatu vimepigwa rangi, mkoba mmoja. Alisimama pale kizingitini, akaunganisha mikono, akasema Nolemi kwa muda wa dakika nzima bila kukwama. Fundi alielewa kila neno, ila aliona kama nguo yake ya kila siku imepigwa pasi na wanga mpaka inasimama yenyewe. Miaka thelathini na moja mumewe alikuwa amengoja mtu asiyemjua amsemeshe kwa lugha ile, na sasa huyu hapa, na Fundi alifurahi kwa ajili yake.

"Karibu ndani, mdogo wangu," akasema kwa lugha ya kawaida.

"Asante sana, Mama," akajibu mgeni. Lugha ya kawaida aliijua pia, aliisema polepole na kwa adabu, huku akiyatazama meno ya Fundi. Kazi ni kazi.

Wakakaa sebuleni, Fundi akaenda kuandaa chai. Aliporudi na sinia alikuta mgeni ametoa faili kwenye mkoba.

"Profesa," Daktari alikuwa akisema, kwa lugha ya kawaida ili Fundi asitengwe, "nimekuja kwa jambo moja. Tunataka kuchapa kitabu tena. Toleo la pili, na kamusi nyuma. Lakini kwanza lazima tuhakikishe usafi. Katika barua zako za miaka tisa kuna makosa. Sikulaumu. Mtu huchoka, mtu huharakisha. Nimeyakusanya yote, na tarehe zake. Ni mia mbili na kumi na manne."

"Mia mbili?" akasema Bwana Foleni.

"Na kumi na manne. Baadhi yetu wameanza kuyatumia wakidhani ni sahihi, kwa kuwa yameandikwa na wewe. Nakuomba uweke sahihi yako hapa chini kwamba ni makosa, ili yafutwe na yasiingie kwenye kamusi." Akavaa miwani. "Nambari moja: tofelu."

Fundi alisimama na sinia mkononi.

"Nambari mbili: garimo. Hili umeliandika mara thelathini na nane."

Ningependa uuone uso wa mzee pale. Mtu aliyechunguza vinywa vya watu wa foleni nzima nzima, akaandika nani kasema nini na saa ngapi, alikuwa hajawahi kusikiliza cha kwake. Miaka tisa amekuwa akimwandikia mgeni wake lugha ya jikoni, akifunga bahasha, akilamba stempu, akiamini ametuma kitabu. Daktari aliendelea kusoma, nambari tano, nambari sita, na yote, kila moja, Fundi aliyajua kwa siku yaliyozaliwa na gauni alilokuwa akishona.

Hakukasirika. Mwanzoni alitaka kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha furaha. Alimtazama mumewe, naye akamtazama.

"Haya ni nini, Profesa?" akauliza Daktari. "Ni maneno kweli?"

Bwana Foleni alikohoa. Alimtazama mgeni, mtu wa kwanza na labda wa mwisho kuvuka nchi kwa ajili yake. Akalitazama shati lake jipya.

"Ni makosa ya kalamu," akasema. "Uchovu tu. Hayana maana yoyote."

Fundi aliweka sinia mezani polepole sana. Afadhali angeliangusha.

"Karibu chai, Profesa," akasema.

Tangu waoane alikuwa amemwita Mzee, Baba, Bwana wewe, na majina mengine yaliyo kwenye orodha ile ile ya Daktari. Profesa hakuwahi kumwita hata siku moja. Bwana Foleni alikunywa chai ile kama dawa.

Sasa elewa jambo hili, kwa sababu ndilo lenyewe. Fundi hakuwahi kuitaka lugha ile. Aliicheka, aliifagia, aliipigia magoti chini ya kitanda. Lakini siku ile alisimama jikoni, mikono imeshika ukingo wa sinki, akaona kwamba kila kitu kilichomtokea katika maisha yake ya ndoa alikuwa amekipa jina, na majina hayo yanakwenda kufutwa kwa kalamu moja kama makosa ya mzee aliyechoka. Alitaka kitu kimoja tu: mumewe aseme kwamba maneno yale yana mwenyewe. Na sahihi ilikuwa kesho mchana, baada ya chakula, kabla mgeni hajaondoka.

Basi akagoma. Si kwa kelele. Jumamosi yote iliyobaki ilikuwa ndiyo Profesa, hapana Profesa, kama Profesa atakavyo. Mumewe akamwuliza kwa Nolemi miwani yake iko wapi. "Samahani, lugha hiyo siifahamu, Profesa. Mimi mshonaji tu." Akamfuata kiwandani na utani wao wa zamani. Fundi akamjibu kwa heshima iliyokunjwa vizuri kama shuka la hoteli. Katika nyumba ile ambamo Nolemi ilikuwa ikisikika tangu alfajari, sasa zilisikika saa za ukutani tu, zote sita, na kwa bahati mbaya zote alizitengeneza Bwana Foleni, kwa hiyo hazikukosea hata sekunde.

Asubuhi ya Jumapili binti alipiga simu. Akaanza kwa Nolemi kama kawaida yake, mama akamjibu kwa lugha ya kawaida.

"Mama, kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Tumesahihishwa."

Mchana walikula supu na viazi, watu watatu na vijiko vitatu. Bwana Foleni, ambaye hakuwa na njia nyingine ya kuvunja kimya, akamwuliza mgeni kama wanachama wote kumi na sita hawajambo.

Daktari akaweka kijiko chini. "Tumebaki kumi na wawili."

Ikabidi asimulie. Kwenye mkutano wao wa mwaka, mzee mmoja, fundi wa reli aliyestaafu, alisimama kuwasimulia habari za marehemu mkewe. Alikuwa hajawahi kuzisimulia kwa lugha yoyote. Nolemi yake ilikuwa mbovu. "Nami nilikuwa mwenyekiti," akasema Daktari, "kwa hiyo nilimsahihisha."

"Mara ngapi?" akauliza Fundi. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza jambo tangu jana.

"Mara kumi na moja. Ya kumi na moja akanyamaza. Akachukua koti lake, akatoka. Watatu wakamfuata. Hawajaandika tena."

"Nawe ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu." Daktari alikunja kitambaa cha mezani mara mbili, akakikunjua. "Tumeapa kwamba sisi kwa sisi hatusemi lugha nyingine. Na kitabu hakina cha kusema. Ukurasa wa tisa: pasipo na tusi hapana wa kuumizwa, na pasipo na aliyeumizwa hapana haja ya kuomba radhi. Kwa hiyo neno hilo halikutungwa." Alimgeukia Bwana Foleni. "Ndiyo maana nataka sahihi yako, Profesa. Lugha ikirudi kuwa safi, wataona nilikuwa namsaidia. Watarudi."

Bwana Foleni aliitazama supu yake. Ukurasa wa tisa alikuwa ameuandika akiwa na miaka thelathini na minne, amejifungia, mlango ukiwa na komeo.

Fundi naye alimtazama yule mwanamke mrefu na viatu vyake vinavyong'aa, akaona mtu aliyebeba kitu kizito ambacho hajui kinaitwaje. Alimwonea huruma. Lakini huruma haikumwondolea lake, na walipoinuka kwenda sebuleni na kalamu, yeye alikwenda kiwandani, akakaa kwenye cherehani ya kukanyaga, akaanza kushona mshono uliokuwa tayari umeshonwa.

Mlango ulikuwa wazi. Daktari alikuwa anasoma kila nambari, na baada ya kila nambari kalamu inakwaruza, kwa kuwa Jumuiya ilitaka alama kwenye kila kosa na sahihi mwishoni. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Fundi alikanyaga kwa nguvu zaidi. Tisini. Neno la kitambaa pungufu likaenda. Neno la mtu unayempenda lakini leo hutaki kumsikia likaenda, na hilo lilimchoma, maana alikuwa akilihitaji saa ile ile.

"Mia moja na kumi na saba," ikasema sauti ya Daktari. "Ondalu. Hili ulilitumia mara moja tu. Ni ile barua uliyoleta baada ya kukaa miezi mitano bila kunijibu. Umeianza nalo, peke yake, kwenye mstari wake."

Kalamu haikukwaruza. Mguu wa Fundi ukasimama juu ya kikanyagio.

Binti yao alizaliwa hospitali ya ghorofa tatu. Fundi alikuwa juu, amelazwa, saa tisa za uchungu, anaita. Na mumewe alikuwa chini kwenye ukumbi, kwa sababu alipokuwa akimfuata alikuta foleni ya kuchukua kadi ambayo hajapata kuiona mfano wake, akasema nitaiangalia dakika tano. Alipanda ngazi mtoto ameshaoshwa, daftari mkononi, uso umechangamka, akasema, "Watu mia mbili na saba, na ugomvi mmoja tu." Fundi hakupiga kelele. Alisema, "Niombe radhi. Kwa hiyo lugha yako." Mume akafungua mdomo. Akatafuta. Akafunga mdomo. Hakukuwa na kitu. Hapo Fundi, jasho bado halijamkauka, mtoto kifuani, akatunga yeye, akamwambia sema ondalu, na akamrudisha mara tatu mbele ya muuguzi mpaka likatoka kama inavyotakiwa. Alilisema siku ile. Fundi aliamini kwamba hakulisema tena maishani.

Kiti kilisogea sebuleni. Bwana Foleni akaja akasimama mlangoni pa kiwanda, kalamu bado mkononi.

Alianza kwa lugha ya kitabu, maskini. Alisema anajiona amesimama nyuma ya watu wengi na mkewe yuko dirishani. "Profesa anasemaje?" akasema Fundi, akakanyaga. Akajaribu tena, akasema kuna giza dogo kati ya nyumba yake na nyumba yake. Fundi akageuza kitambaa, akaanza upande wa pili. Kitabu chote alichokitunga mwenyewe alikuwa anakipekua kichwani, ukurasa kwa ukurasa, na kilikuwa kinamnyima.

Mwishowe akavua miwani.

"Ondalu," akasema.

Cherehani ikanyamaza.

"Nimekukana mbele ya mgeni," akaendelea, sasa kwa lugha ya kawaida, sauti haina uprofesa wowote. "Kwa kuwa alitoka mbali, nikataka anione mwerevu. Maneno ni yako. Yote mia mbili na kumi na manne. Mimi ningeachwa na kitabu changu, Nolemi ingekufa pale pale hospitalini, nikiwa nimefungua mdomo. Sisaini."

Fundi alitaka kulia na akalia kidogo, akajifuta kwa kipande cha bitana. "Ulimwandikia," akasema. "Lile la hospitalini. Ulimwandikia mtu baki."

"Nilikuwa nimemtesa miezi mitano. Sikupata lingine."

Fundi akamwambia kwa Nolemi ashike upande ule wa pindo na asilivute. Mzee akalishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu kama ameshikishwa mtoto.

Ndipo walipomwona Daktari. Alikuwa kwenye ukumbi mdogo, faili kifuani, na ilikuwa dhahiri amesikia yote. Masikio yake yalikuwa mekundu. Bwana Foleni alianza kusema jambo kuhusu toleo la pili, Fundi akamgusa mkono anyamaze.

"Mama," akasema Daktari, "lile la mia moja na kumi na saba. Linatamkwaje?"

"Unalitakia nini? Si kosa?"

Daktari alitazama sanamu lisilo na kichwa, akatazama pini zilizotapakaa mezani, akatazama vidole vya Fundi vilivyotoboka toboka kwa miaka.

"Nina barua nne za kuandika," akasema. Kisha akaweka faili juu ya meza ya kukatia, akanyoosha mgongo, akamgeukia Fundi mzima mzima. "Lakini neno hilo, la kwanza si la barua. Ni kwako." Akavuta pumzi. "Ondaluu."

Alilitamka ovyo. Alilivuta mwishoni, na katikati alilimeza. Bwana Foleni, kwa mazoea ya uzee, alifungua mdomo amsahihishe, na mkewe akamkanyaga mguu.

"Limefika, dada," akasema Fundi. Akatoa mafurushi ya vitambaa juu ya kiti cha wateja, akakisogeza karibu na cherehani. "Kaa hapa. Tuanze na ya mzee wa reli."